MAISHA RAHISI NAIROBI: RAHISI KWA NANI?



Kila mwaka makampuni ya ng'ambo hutoa orodha za miji ya dunia, kuonyesha mji upi ni ghali na mji upi ni rahisi. Magazeti huzichapa, watu huzisoma, na wengi husahau. Lakini sisi wafanya kazi haifai tusahau, maana orodha hizi huingia katika vyumba vya mazungumzo ya mishahara. Tajiri huweka karatasi mezani na kusema: "Tazameni, Nairobi si kama London wala Geneva. Hapa maisha ni rahisi. Nyongeza mnayotaka ni ya nini?" Mwakilishi asiye na jibu hunyamaza, na akinyamaza yeye, wote waliomtuma wamenyamaza.

Kwa hiyo katika toleo hili tumeona vema kueleza orodha hizi ni kitu gani, zimetengenezwa kwa ajili ya nani, na kipimo chetu sisi kiwe kipi.

NI NANI ANAYEPIMWA?

Orodha mbili zajulikana kuliko nyingine. Moja hutolewa na kampuni iitwayo Mercer, na nyingine na idara ya utafiti ya gazeti la The Economist la London. Zote mbili hulinganisha bei za kila mji na bei za New York. Hutazama vitu zaidi ya 200: nyumba, nauli, chakula, nguo, vyombo vya nyumbani, hata starehe. Mwaka 2024 Mercer ilisema mji ghali kupita yote ni Hong Kong, wa pili Singapore, wa tatu Zurich. Orodha ya The Economist ya mwaka 2023 iliweka Singapore na Zurich juu kabisa, na Damascus chini kabisa.

Hatusemi kwamba hesabu hizo ni za uongo. Zimefanywa na watu wanaojua kazi yao. Lakini kila mizani ina mwenyewe. Mizani hii ni ya makampuni yanayowapeleka wakubwa wao kufanya kazi katika nchi za kigeni. Meneja akitolewa New York na kupelekwa Nairobi, kampuni yake yataka kujua ni fedha ngapi zitamtosha aishi kama alivyoishi kwao: nyumba yenye ulinzi, gari, shule ya kulipia, jibini na divai. Hayo ndiyo yanayopimwa. Bei ya debe la maji mtaani, au ya chumba kimoja cha mabati, haimhusu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anayepimiwa kitanda cha hoteli hawezi kutueleza habari za kunguni wetu.

MIFANO MITATU

Wa kwanza ni Luanda, mji mkuu wa Angola. Mwaka 2013, 2014 na 2015, na tena mwaka 2017, Mercer iliuweka Luanda kuwa mji ghali kupita yote duniani, ghali kuliko Tokyo na Geneva. Je, watu wa Luanda walikuwa matajiri kupita wote? La. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 2002, mafuta ya petroli yakaleta wageni wengi, na nyumba za kuwafaa zilikuwa chache. Vitu vyao vingi vililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kodi ya nyumba ya mgeni ikapanda juu sana. Wakati huo huo wenyeji maelfu kwa maelfu walikuwa wakiishi katika mitaa ya mabanda. Orodha ilisema kweli juu ya mgeni, na juu ya mwenyeji haikusema neno.

Wa pili ni Singapore. Sababu moja kubwa ya mji huo kuwa juu katika orodha ni gari. Toka mwaka 1990 mtu hawezi kuandikisha gari lake mpaka anunue kibali cha Serikali, na kibali hicho hudumu miaka kumi tu. Mwezi wa Oktoba 2023 kibali cha gari dogo kilipita dola 100,000 za Singapore, kabla ya kununua gari lenyewe. Lakini mfanya kazi wa Singapore hupanda treni na basi. Tena watu wapatao wanane katika kila kumi wa nchi hiyo hukaa katika nyumba zilizojengwa na halmashauri ya nyumba ya Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1960. Mji ulio ghali sana kwa meneja mwenye gari waweza kuwa na nafuu kwa mtu wa treni.

Wa tatu ni Damascus. Mwaka 2021, 2022 na 2023 uliitwa mji rahisi kuliko yote katika orodha ya The Economist. Ulikuwa rahisi kwa sababu vita vilivyoanza mwaka 2011 viliiangusha fedha ya Syria. Mwenye dola aliweza kununua vitu tele. Mwenye mshahara wa fedha ya Syria aliona mshahara wake ukiyeyuka mkononi. Basi neno "rahisi" katika orodha laweza kuwa na maana ya msiba.

DOLA HUFICHA BEI

Tazameni pia jambo la dola. Orodha hizi hubadili kila bei iwe dola za Marekani. Mwanzo wa mwaka 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 100 za Kenya. Mwezi wa Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilirudi mpaka karibu 130.

Tuseme sahani ya ugali na mboga ilikuwa shilingi 100 mwaka 2020, sawa na dola moja. Tuseme mwanzo wa mwaka 2024 imepanda mpaka shilingi 150. Ukigawanya kwa 160 utapata senti 94 za dola. Kwa mwenye dola sahani imeshuka bei. Kwako wewe unayelipwa shilingi imepanda nusu nzima. Sahani ni ile ile, kibanda ni kile kile. Kwa hiyo mtu akikuletea bei za Nairobi kwa dola, mwambie kwa adabu azirudishe kwanza katika shilingi, halafu muongee.

KIPIMO CHA SAA

Basi tupime kwa nini? Mfanya kazi ana kitu kimoja cha kuuza, nacho ni saa zake. Kwa hiyo swali la haki katika kila mji ni hili: mtu hufanya kazi saa ngapi ili apate kitu hiki?

Kipimo hiki hakikubuniwa na chama cha wafanya kazi. Benki ya Uswisi iitwayo UBS ilianza mwaka 1971 kutoa kitabu cha bei pamoja na mishahara ya miji mbalimbali. Katika kitabu cha mwaka 2015 ilihesabu muda ambao mfanya kazi wa kadiri hutumikia ili anunue mkate wa nyama uitwao Big Mac. Hong Kong zilikuwa kama dakika 9. Nairobi zilikuwa kama dakika 173, yaani karibu saa tatu. Soma tena tarakimu hizo. Katika orodha ya bei Hong Kong ni mji ghali na Nairobi ni mji rahisi. Katika orodha ya saa mambo yamegeuka juu chini.

Wengine watasema mkate huo si chakula chetu. Ni kweli. Basi tuchukue unga. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200, hata Serikali ikatangaza kuishusha kwa muda mpaka shilingi 100. Wakati huo kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa Sh. 15,201.65 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, saa nane kila siku, utapata kama shilingi 73 kwa saa. Kwa hiyo pakiti moja ya unga wa shilingi 200 ilikuwa kazi ya saa mbili na dakika 45 hivi.

Katika Uingereza, mwaka 2023, mkate mweupe wa gramu 800 uliuzwa kama pauni 1 na peni 40. Kima cha chini cha sheria kwa mtu mzima toka Aprili mwaka huo kilikuwa pauni 10 na peni 42 kwa saa. Mkate huo ulikuwa kazi ya dakika nane. Saa mbili na dakika 45 upande huu, dakika nane upande ule. Hii ndiyo tofauti ambayo karatasi ya tajiri haionyeshi.

LONDON NAKO SI PEPONI

Hata hivyo tusidanganyane kwamba mfanya kazi wa London anakula raha. Mkate wake ni wa dakika, lakini paa lake ni la mwezi mzima. Mwaka 2024 kodi ya nyumba ya kupanga London ilikuwa, kwa wastani, zaidi ya pauni 2,000 kwa mwezi. Mtu wa kima cha chini, aliyelipwa pauni 11 na peni 44 kwa saa na kufanya kazi saa 40 kwa wiki, alipata kama pauni 1,983 kwa mwezi kabla ya kukatwa kitu chochote. Mshahara wote usingetosha kodi ya wastani. Ndiyo sababu watu hugawana nyumba na vyumba. Katika Hong Kong, hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta watu zaidi ya 200,000 wakiishi katika nyumba zilizokatwakatwa kuwa vyumba vidogo sana.

Jambo la kujifunza ni lile walilofanya watu wa London. Mwaka 2001 watu wa mitaa ya mashariki ya mji huo, watu wa makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanya kazi, walianza kudai mshahara unaotosha kuishi. Wafagiaji wa maofisi walikuwa mstari wa mbele. Hawakuuliza sheria inasema nini tu, waliuliza pia maisha yanagharimu nini. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa upya kila mwaka kwa kutazama bei zenyewe. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa kuwa pauni 13 na peni 85 kwa saa kwa London, na kima cha sheria kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12 na peni 21. Waajiri hawalazimishwi na sheria kuilipa, lakini wengi wameikubali, kwa sababu watu waliwajia na hesabu mkononi.

TAJIRI MWENYEWE ALIULIZA

Kulinganisha miji kwa ajili ya mfanya kazi si jambo jipya. Mwaka 1929 kampuni ya magari ya Ford, iliyokuwa na viwanda Ulaya pia, iliuliza Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva swali hili: tuwalipe kiasi gani wafanya kazi wetu wa Ulaya ili waishi sawa na wenzao wa Detroit? Wataalamu walichunguza matumizi ya jamaa 100 za wafanya kazi wa Detroit waliolipwa kama dola 7 kwa siku, kisha wakatafuta bei katika miji ya Ulaya, kama Berlin, Paris, Copenhagen, Manchester na Istanbul. Taarifa ilitoka mwaka 1931.

Kazi ilikuwa ngumu, maana chakula cha mtu wa Detroit si chakula cha mtu wa Istanbul. Tena waajiri wengine wa Ulaya hawakufurahia swali lenyewe, wakihofu jibu lake. Lakini angalieni namna swali lilivyoulizwa. Lilianza na nyumba ya mfanya kazi: anakula nini, anavaa nini, anakaa wapi. Ikiwa iliwezekana kuuliza hivyo mwaka 1929, haiwezi kuwa vigumu kuuliza hivyo katika Kenya leo.

KWETU HILA NI YA ZAMANI

Wazee wetu wa reli na bandari waliijua hila hii. Zamani za ukoloni tajiri alisema: "Mtu huyu ana shamba kwao, mke wake analima, hahitaji mshahara wa jamaa." Basi alilipwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wengineo, waliacha kazi siku kumi na mbili kwa sababu mshahara haukufuata bei za vitu. Mwaka 1954 kamati ya Serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya mjini iliwekwa kwa mahitaji ya mtu mmoja peke yake, na kwamba wengi hawakupata hata hayo. Ikapendekeza mshahara upandishwe hatua kwa hatua katika muda wa miaka kumi, mpaka umtoshe mtu na jamaa yake.

Zamani zile mfanya kazi wa Nairobi alilinganishwa na shamba la kwao. Siku hizi analinganishwa na New York. Mara zote mbili anayechagua mfano ni yule anayelipa, na mara zote mbili jibu hutoka kwamba mshahara watosha.

Na tusisahau kwamba katika mji mmoja mna miji miwili. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya maendeleo ya binadamu ilisema kwamba watu wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Jakarta na Manila hulipia maji mara tano hata kumi zaidi, kwa kipimo kile kile, kuliko matajiri wa miji yao wenyewe, na zaidi ya wanavyolipa watu wa London na New York. Maji hayo hayo! Mwenye bomba nyumbani hulipa kidogo, anayebeba debe hulipa sana. Hapo huyo anayetuambia maisha ya Nairobi ni rahisi atatujibu nini?

HESABU YA MWAKA 2024

Mwezi wa Novemba 2024 kima cha chini cha kibarua katika miji yetu mikubwa kilipandishwa kwa sita kwa mia, kikawa Sh. 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Tunashukuru kwa nyongeza, lakini tuhesabu. Kwa kanuni za wakati huo, mtu alikatwa sita kwa mia ya akiba ya uzeeni, 2.75 kwa mia ya bima ya afya, na 1.5 kwa mia ya ujenzi wa nyumba. Jumla ni kama Sh. 1,650. Zinabaki kama Sh. 14,460. Hizo ni karibu shilingi 556 kwa kila siku ya kazi, za chakula, nauli, maji, moto, sabuni, karo, na kitu cha kupeleka kwa wazazi. Kila msomaji achukue kalamu ajaze mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Kunung'unika hakupandishi mshahara. Twaleta mashauri haya kwa matawi yote:

1. Kila tawi lichague watu watatu wa kuandika bei kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Angalau mmoja wao awe mwanamke, na wote wawe watu wanaokwenda sokoni wenyewe.

2. Vitu viwe vile vile kila mwezi, kwa kipimo kile kile, katika duka lile lile: unga, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa, maharagwe, sukuma wiki, mkaa au gesi, debe la maji, sabuni, nauli ya kwenda na kurudi kazini, kodi ya chumba kimoja. Tusiandike bei ya kusikia.

3. Kila bei igawanywe kwa mshahara wa saa moja wa mtu wa daraja la chini katika tawi hilo. Jibu liandikwe kwa saa na dakika.

4. Karatasi zitumwe kwa katibu na kuwekwa katika faili. Haba na haba hujaza kibaba. Karatasi za miezi kumi na miwili zitakuwa ushahidi ambao hakuna mtu atakayeupuuza mezani.

5. Madai yetu yasiwe ya mshahara peke yake. Mji wa Vienna ulianza kujenga nyumba za wafanya kazi baada ya vita vya kwanza vya dunia, na karibu nusu ya watu wake leo wanakaa katika nyumba za mji au zilizosaidiwa na mji. Mwaka 2012 mji huo uliweka tikiti ya mwaka mzima ya treni na basi kwa Euro 365, yaani Euro moja kwa siku. Mwenye nyumba akipandisha kodi siku ile ile tunapopata nyongeza, nyongeza imekwenda mfukoni mwake. Kwa hiyo nyumba, maji na nauli ni mambo ya chama pia.

Tajiri atasema, "Mkidai mshahara wa London, kampuni itafunga." Jibu letu ni rahisi. Hatudai mshahara wa London. Twajua kazi, mitambo na biashara za huko si sawa na za hapa. Twadai kwamba siku moja ya kazi Nairobi ilishe na kulaza jamaa moja siku hiyo hiyo ya Nairobi. Mtu anayefanya kazi mchana kutwa na jioni akakopa unga hawezi kuambiwa anaishi katika mji rahisi.

Mazungumzo ya mkataba mpya yanapokaribia, mwakilishi wako ataingia chumbani na karatasi. Itakuwa ya bei ulizoandika wewe, au itakuwa ile ile ya dola iliyoandikwa kwa ajili ya mgeni. Uchaguzi ni wako, na kazi inaanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri